Rangi Sawa Haitoki kwa Kupaka Mara Mbili

Miezi ya harusi inapokaribia, sisi wauguzi huwa tunajua kwamba pamoja na wagonjwa wa malaria na wa ajali, tutampokea pia mgonjwa mmoja au wawili ambao hawakutegemea kabisa kulala hospitalini. Hao ni akina mama na akina dada waliopaka rangi nywele. Huenda wengine wakasema hayo ni mambo ya saluni, hayana nafasi katika ukurasa wa afya. Tunawaomba wasome kwanza habari ya mama mmoja.

Mama huyu ni wa rika letu. Nywele zake zilikuwa ndefu, zikifika katikati ya mgongo, na mtaa mzima ulimfahamu kwa nywele hizo. Binti yake alikuwa aolewe Jumamosi. Jumatano jioni mama alipaka rangi nyeusi ili kuficha mvi. Pakiti ilikuwa moja na nywele zilikuwa nyingi. Mbele rangi ilishika vizuri, lakini kisogoni ilitoka na mabaka. Alhamisi akarudia kupaka, toka shinani hadi nchani. Mabaka hayakuisha. Ijumaa asubuhi jirani akamshauri achanganye na unga wa piko wa sokoni, ili rangi ikolee.

Jumamosi alfajiri aliletwa kwetu akiongozwa kwa mkono. Uso ulikuwa umevimba hata macho yamefumba. Ngozi ya kichwa ilikuwa ikitoa maji, na kila tulipogusa nywele zilibaki mikononi mwetu. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Sista, nisaidieni upesi, saa nne natakiwa niwe kanisani.” Saa nne hiyo ilimkuta kitandani na dripu mkononi, sisi tukiangalia upumuaji wake kila robo saa. Jioni maharusi walikuja wodini wakiwa na nguo zao za harusi. Mama aliwatambua kwa sauti tu.

Tunaandika habari hii kwa kuwa na sisi tuna deni. Miezi michache kabla ya hapo, mama huyo alikuja kliniki ya shinikizo la damu. Alitueleza kwamba mara ya mwisho alipopaka rangi, nyuma ya masikio palimwasha wiki nzima. Tulimpa dawa ya kupaka, tukamwita anayefuata. Hatukumwambia kwamba mwasho ule ulikuwa onyo, wala hatukumkataza kuigusa tena rangi ile. Hilo lilikuwa kosa letu.

Kupaka rangi si kosa, na hatukuja hapa kumhukumu mtu anayependa kupendeza. Maoni yetu ni haya: rangi iliyo sawa haitokani na kupaka mara nyingi, wala haitokani na dawa kali. Inatokana na kupima, kugawa na kungoja. Anayefuata njia hiyo hupata nywele nzuri na afya pia. Anayefanya haraka huweza kukosa vyote viwili.

NYWELE NDEFU NI ZA UMRI MBALIMBALI

Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo unywele wenye urefu wa sentimita 40 una ncha iliyoota zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Ncha hiyo imepigwa na jua, imechanwa kila siku, imesukwa na kufumuliwa, pengine imetiwa dawa ya kulainisha na kuchomwa na draya. Sehemu iliyo karibu na ngozi, kwa upande wake, ina wiki chache tu.

Unywele umefunikwa na magamba madogo sana, yaliyopangika kama vigae vya nyumba. Kwenye nywele mpya magamba hayo yamelala vizuri. Kwenye ncha yamechakaa na mengine yametoka kabisa. Ncha iliyochakaa hunywa rangi haraka na kuwa nyeusi mno, lakini pia huipoteza rangi upesi. Mvi nazo mara nyingi huwa ngumu na hukataa rangi. Tena joto la kichwa huharakisha kazi ya rangi katika sentimita mbili tatu za karibu na ngozi. Ndiyo sababu kichwa kimoja chenye nywele ndefu, kikipakwa kwa mkupuo mmoja, huweza kutoka na rangi tatu.

Akina mama wasukao mikeka wanalielewa jambo hili. Miyaa ikishindiliwa chunguni bila nafasi, hutoka na madoa. Hakuna asiyejua kwamba dawa yake ni kupunguza miyaa na kuigeuzageuza. Kuongeza rangi hakusaidii.

RANGI INAVYOFANYA KAZI

Rangi nyingi za kudumu huja katika vyombo viwili. Kimoja kina rangi pamoja na amonia au kitu kama hicho, ambacho hufungua magamba ya unywele. Kingine kina peroksaidi. Vikichanganywa, rangi huumbika ndani ya unywele wenyewe, na ndiyo maana haitoki kwa kuosha.

Kemikali inayotumika sana katika rangi nyeusi na za kahawia iliyokolea huitwa parafenilinidiamini. Kwenye pakiti huandikwa kwa jina refu la Kiingereza au kwa herufi tatu, PPD. Watu wengi huitumia bila kudhurika. Lakini wapo ambao mwili wao huikataa, na mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huikataa maisha yote. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mtu anaweza kuitumia miaka kumi salama, kisha mara ya kumi na moja ikamvimbisha. Kwa hiyo maneno “mimi nimeizoea” hayana kinga yoyote.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba PPD inayogusa kichwa, baada ya kuchanganywa, isizidi asilimia 2. Tena haziruhusu kuipaka kwenye ngozi kwa ajili ya mapambo. Huku kwetu unga mweusi huuzwa katika vifuko, vingine havina maandishi yoyote. Mwenye kuununua hajui ananunua nguvu kiasi gani.

SIKU MBILI ZA KUNGOJA

Saa 48 kabla ya kupaka, chukua rangi kidogo kama maelezo ya pakiti yanavyoagiza. Paka nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, doa dogo la ukubwa wa sarafu. Kisha ngoja siku mbili kamili. Ukiona wekundu, mwasho, vipele au uvimbe, osha na usiitumie rangi hiyo. Fanya hivyo kila mara, hata kama aina ni ile ile.

Kipimo hiki ni kwa mtu ambaye hajawahi kudhurika. Aliyewahi kuwashwa au kuvimba kwa rangi ya nywele au kwa piko ya mikononi asijipime nyumbani, wala asipake kabisa. Aje kwanza hospitali atuambie, na sisi tutamsikiliza.

NAMNA YA KUPAKA ILI RANGI ITOKE SAWA

1. Usipake rangi na kuweka dawa ya kulainisha siku moja. Acha zipite wiki mbili au zaidi kati ya moja na nyingine. Kama ngozi ina kidonda, mapunye au mikwaruzo, ngoja ipone. Aliyefumua rasta naye apumzishe kichwa siku chache.

2. Usioshe nywele siku ile ile. Mafuta ya asili ya kichwa huikinga ngozi. Nywele ziwe zimechanwa vizuri na hazina mafundo, kwa maana rangi haipiti kwenye fundo.

3. Hesabu pakiti. Nywele zinazopita mabega kwa kawaida huhitaji pakiti mbili za namba moja. Kuongeza maji ili pakiti moja itoshe ndiko kunakoleta mabaka.

4. Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikioni na shingoni, uangalie yasiingie kwenye nywele. Vaa glovu. Fungua madirisha.

5. Gawa nywele mafungu manne: toka paji hadi kisogo, na toka sikio hadi sikio. Funga kila fungu kwa kibanio. Kisha fungua tabaka jembamba kwa tabaka, unene usiozidi kidole, upake pande zote mbili. Kazi hii ya mafungu ndiyo inayofanya rangi itoke sawa kuliko kitu kingine chochote.

6. Tafuta msaidizi. Mtu anayejipaka peke yake aweza kutumia dakika 40 kumaliza kichwa. Hapo fungu la kwanza limekaa na rangi dakika 40 zaidi ya fungu la mwisho, nalo haliwezi kufanana na jingine. Watu wawili, mmoja kila upande, humaliza upesi na rangi hulingana.

7. Kama unafunika mvi, anza mahali zilipo nyingi, mara nyingi kwenye panja na mbele. Kama unapaka kwa mara ya kwanza rangi inayong'arisha nywele, anza katikati na nchani, na sehemu ya karibu na ngozi iwe ya mwisho kwa sababu ya lile joto la kichwa.

8. Mara ya pili na kuendelea, paka sehemu iliyoota tu. Baada ya miezi miwili hiyo ni sentimita mbili hivi. Zilizobaki tayari zina rangi. Kama zimepauka kidogo, vuta rangi kwa chanuo hadi chini katika dakika tano za mwisho, basi. Kupaka ncha zile zile kila mara ndiko kunakozifanya ziwe nyeusi kama masizi na kukatika kama majani makavu.

9. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, na utazame saa. Kukaa na rangi usiku kucha hakuongezi uzuri. Osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe, kisha paka dawa ya kulainisha ya baada ya kuosha. Pumzisha nywele na draya kwa siku kadhaa.

10. Mchanganyiko uliobaki umwage. Usiufungie kwenye chupa kwa ajili ya kesho, kwani hutoa hewa na chupa yaweza kupasuka.

Wale wanaotaka rangi ya dhahabu wajue kwamba nywele nyeusi hupita kwanza kwenye wekundu na rangi ya chungwa kabla ya kufika kwenye umanjano. Kila hatua hula kitu katika unywele. Peroksaidi ya asilimia 6 ni tofauti sana na ya asilimia 12, na dawa ya kung'arisha nguo haifai kabisa kwenye kichwa cha mtu. Kazi hiyo mwachie msusi aliyejifunza.

MABAKA YAKITOKEA

Hapa ndipo mama yetu alipoangukia. Ukiona mabaka, usipake tena usiku huo wala kesho yake. Osha, paka mafuta ya nazi kidogo, funga kilemba, au suka mtindo utakaoyaficha. Nywele zikipumzika wiki mbili na ngozi ikiwa nzima, paka mahali palipokosa rangi tu, kwa rangi ya namba ile ile. Kama ngozi iliwasha, acha kabisa.

Twawaomba pia wale wenye sherehe wasipake kwa mara ya kwanza katika wiki ya sherehe. Paka wiki tatu kabla, upate nafasi ya kusahihisha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

HINA NA PIKO SI KITU KIMOJA

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa. Hutoa rangi ya chungwa na wekundu, haifungui magamba ya unywele, na ni watu wachache wanaodhurika nayo. Kwa nywele ndefu ni rafiki, ingawa nayo yapaswa kupakwa kwa mafungu. Hina halisi haitoi weusi. Ukiambiwa ni “hina nyeusi”, uliza imetiwa nini. Mara nyingi ni PPD. Nyingine hutiwa chumvi za madini, na nywele zilizopakwa hizo zikikutana na peroksaidi zaweza kupata joto na kukatika.

Tuna onyo moja juu ya watoto. Katika nchi zenye malaria wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa watoto hao hata hina halisi yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za watoto waliokaribia kufa baada ya kupakwa hina mwilini. Mtoto mchanga hahitaji hina.

UNGA MWEUSI NA WATOTO

Unga wa rangi ukimezwa ni sumu kali. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum, Sudan, waliandika habari za watoto waliodhurika kwa mchanganyiko wa hina na PPD. Katika saa chache uso na shingo huvimba mpaka njia ya hewa inabanwa. Baadaye mkojo huwa mweusi kama kahawa na figo husimama. Hakuna dawa ya kuiua sumu hiyo. Kinachookoa ni kufika hospitali mapema, kabla koo halijaziba.

Kwa hiyo usiweke unga huo kwenye kikombe, wala kwenye chupa ya soda, wala karibu na sukari. Uweke juu, mahali palipofungwa. Mtu akiumeza, kwa bahati mbaya au kwa huzuni ya moyo, usimtapishe, usimpe maziwa na kungoja. Mlete mara moja pamoja na pakiti yenyewe. Hatutamwuliza kwa ukali.

Vilevile aliyepaka kichwani akaona uso unavimba, ulimi unajaa, sauti inakwaruza au pumzi inabana, aoshe kichwa kwa maji mengi na aje hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje asubuhi.

SARATANI JE?

Wengi hutuuliza. Mwaka 2010 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba kazi ya ususi, kwa wanaogusa rangi kila siku, huenda inaleta saratani. Kwa mtu anayejipaka mwenyewe halikuona ushahidi wa kutosha kuamua. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani ulionyesha saratani ya matiti kuwa nyingi zaidi kwa wanawake waliotumia rangi za kudumu, hasa wanawake weusi. Mwaka 2020 utafiti mwingine juu ya wauguzi zaidi ya 117,000 wa Marekani, wengi wao Wazungu, haukuona ongezeko kwa saratani nyingi, ingawa kwa baadhi ulionyesha kidogo. Ushauri wetu ni wa wastani: paka mara chache, paka sehemu iliyoota tu, na msusi avae glovu kila siku. Mama mjamzito angoje miezi mitatu ya kwanza ipite.

TUNAOMBA NINI

Kwa wasusi: msimpake mteja aliyeingia leo kwa mara ya kwanza bila kipimo. Mpakeni doa nyuma ya sikio, mwambieni arudi keshokutwa. Mtapoteza wateja wawili watatu wenye haraka, lakini wale wanaobaki watawaamini.

Kwa wenye maduka: msiuze unga usio na jina wala maelezo.

Kwa akina baba: mkeo akikuambia pakiti ni mbili na siku ni mbili, usimwone mbadhirifu. Kitanda cha hospitali kina gharama zaidi.

Na kwa sisi wauguzi wenyewe: tuulize. Mgonjwa akisema kichwa kinamwasha, tuulize amepaka nini, tumweleze, tuandike kwenye kadi yake. Swali hilo halichukui dakika moja. Lingeulizwa siku ile ya kliniki, mama mmoja angalimshika binti yake mkono hadi mlangoni mwa kanisa.

Nywele zake zimeota tena. Sasa zinafika mabegani, na mvi zake zote zinaonekana. Alipokuja juzi kupima presha tulimsifia, naye akacheka akasema, “Hizi sasa zina rangi moja toka mwanzo hadi mwisho.”